Bwana Daguerre na Picha za Jamaa Zetu

Leo twataka kuzungumza habari za mtu mmoja wa Ufaransa aliyeitwa Louis Daguerre. Mtu huyu hakupata kuiona Afrika kwa macho yake, lakini kazi yake imeingia katika nyumba zetu karibu zote. Tazameni ukutani, au ndani ya sanduku la mama, au katikati ya kurasa za kitabu cha zamani. Bila shaka mtakuta picha ya mtu wa jamaa yenu. Picha hiyo ina nasaba yake, kama mtu alivyo na nasaba. Twataka kuifuata nasaba hiyo mpaka shinani, kisha turudi nayo mpaka pwani yetu.

Lakini kwanza na tuwasimulie jambo lililotutia katika habari hizi.

Siku moja ya Jumamosi tuliwachukua wanafunzi wetu wa chuo cha ualimu kwenda Msasani, kusikiliza habari za kale kutoka kwa wazee. Msasani ni mahali pa zamani, upande wa kaskazini wa Dar es Salaam, penye ghuba iliyotulia, na ngalawa zikipumzika mchangani. Yako huko makaburi ya kale yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe. Siku hizi mji umekizunguka kijiji kwa majumba makubwa na barabara za lami, lakini wavuvi wangali wakishuka pwani alfajiri kama walivyoshuka baba zao.

Bibi mmoja mwenye umri mkubwa alitukaribisha barazani pake. Tukamwamkia, "Shikamoo, bibi." Naye akaitikia, "Marahaba, wanangu. Karibuni, kaeni mkekani." Tulipokwisha kunywa maji na kuulizana hali, akamtuma mjukuu wake kuleta mkebe wa biskuti uliokuwa chini ya kitanda. Ndani yake, juu ya hati na hirizi na shanga, ilikuwamo picha moja.

Ilikuwa picha ya wanaume watatu waliovaa kanzu na kofia, wamesimama wima mbele ya pazia lililochorwa nguzo na vyungu vya maua. Pembe zake zilikuwa zimeliwa na mende, na ukungu mweupe umeanza kupanda miguuni mwao. Lakini nyuso zao zilikuwa safi kabisa. Mtu angeweza kuhesabu nywele za ndevu zao.

Bibi akasema, "Huyu wa kulia ni baba yake marehemu mume wangu. Wa kushoto ni ndugu yake, aliyefia baharini. Na huyu wa katikati..." Akanyamaza kitambo. "Huyu marehemu alikuwa akimtaja kila siku. Nami jina lake nilikuwa nalo, wanangu, ila sasa limenitoka."

Hapo mjukuu mmoja akasema kwamba mtu wa katikati ni babu wa jamaa wa nyumba ya pili. Mjukuu mwingine akakataa kwa nguvu, akasema kuwa mtu yule si wa ukoo wao hata kidogo. Sauti zikapanda. Tukatambua ya kuwa neno hili limekwisha kuleta uchungu, maana palikuwa na shamba la minazi la urithi, na kila upande ulimtaka yule mtu wa katikati awe shahidi wake. Tukaigeuza picha tusome nyuma. Hapakuwa na neno lolote ila muhuri wa fundi aliyeipiga, wenye herufi nzuri zilizosomeka vizuri. Jina la fundi lilikuwako. Majina ya watu hayakuwako.

Basi tukarudi chuoni na swali moja: Imekuwaje kitu kinachohifadhi uso wa mtu kwa ubora namna hii kikashindwa kuhifadhi jina lake? Tulipotafuta vitabuni tukaona ya kuwa jambo hilo halikuanza Msasani. Lilianza Ufaransa, tangu siku za picha ya kwanza ya mtu.

Louis-Jacques-Mandé Daguerre alizaliwa tarehe 18 Novemba 1787 katika mji mdogo wa Cormeilles-en-Parisis, karibu na Paris. Tangu ujana wake alikuwa hodari wa kuchora. Akaingia katika kazi ya kupaka rangi yale mapazia makubwa yanayotundikwa nyuma ya wachezaji wa michezo ya kuigiza, ili watazamaji wadhani kwamba wanaona msitu, au jumba la mfalme, au mbalamwezi juu ya maji. Mwaka 1822, yeye na mwenzake Charles Bouton walifungua mjini Paris nyumba ya maonyesho iliyoitwa Diorama. Humo watu waliketi gizani, wakatazama nguo kubwa mno iliyochorwa kwa ufundi, na kwa kuubadili mwanga ulioipiga, mafundi waliweza kuigeuza asubuhi kuwa jioni. Watu walilipa fedha zao wakastaajabu.

Sasa, wachoraji wa siku zile walikuwa na chombo kimoja cha kuwasaidia. Lilikuwa ni sanduku la giza lenye kioo cha mviringo upande mmoja. Mwanga uliingia kwa kioo hicho, na sura ya vitu vya nje ikaonekana ndani ya sanduku, naye mchoraji aliifuatiza kwa kalamu yake. Ninyi wanafunzi mwaweza kulijaribu jambo hili bila gharama. Mchana wa jua kali, jifungieni katika chumba, zibeni kila upenyo, kisha toboeni tundu dogo dirishani. Ukutani, upande wa pili, mtauona mnazi wa nje umesimama kichwa chini, na makuti yake yakicheza kwa upepo. Lakini fungueni mlango, na mara sura ile hutoweka. Daguerre aliliona jambo hilo mara nyingi kazini mwake, likamsumbua moyo. Alitaka kuishika sura ile isitoweke.

Alikuwako mtu mwingine aliyemtangulia katika shauri hilo. Jina lake Nicéphore Niépce, aliyezaliwa mwaka 1765 katika mji wa Chalon-sur-Saône. Niépce alipaka kibao cha bati kwa lami ya namna fulani, ambayo hugumu ipigwapo na mwanga. Mwaka 1826 au 1827 aliweka kibao chake ndani ya sanduku la giza, akalielekeza kwenye dirisha la nyumba yake shambani, akaliacha kwa saa nyingi. Kisha akakiosha kibao kwa mafuta. Pale palipopigwa na mwanga lami ilibaki, na pale palipokuwa na kivuli ikatoka. Yakaonekana mapaa ya nyumba na ukuta, kwa ukungu, kama mtu aonavyo vitu kabla ya mapambazuko. Hiyo ndiyo picha ya zamani kuliko zote za sanduku hilo zilizosalia duniani. Ilipotea machoni pa watu kwa muda mrefu, ikaonekana tena mwaka 1952, na sasa inatunzwa katika chuo kikuu cha Texas, Marekani.

Mwaka 1829 Niépce na Daguerre wakaandikiana mkataba wa kufanya kazi kwa ushirika. Lakini Niépce akafa mwaka 1833 kabla ya kuyaona matunda. Daguerre akaendelea peke yake, mwaka baada ya mwaka, mpaka akapata njia iliyo bora kuliko ile ya kwanza.

Njia yake ilikuwa hivi. Alitwaa kibao cha shaba kilichofunikwa kwa fedha, akakisugua mpaka kikang'aa kama kioo cha kujitazamia. Akakiweka juu ya mvuke wa aidini, na fedha ile ikawa kama ina macho, yaani ikaweza kuhisi mwanga. Akakiingiza ndani ya sanduku la giza, akakifunulia mwanga kwa dakika kadha. Alipokitoa, hapakuonekana kitu. Lakini alipokiweka juu ya mvuke wa zebaki iliyopashwa moto, sura ikajitokeza polepole. Mwisho akakiosha kwa maji ya dawa ili kisipate kuhisi mwanga tena. Kazi hiyo ilikuwa ya hatari, maana mvuke wa zebaki ni sumu, na mafundi wengi waliuvuta bila kujua. Na kila kibao kilikuwa kimoja tu. Hapakuwa na njia ya kutoa nakala.

Tarehe 7 Januari 1839 mtaalamu mkubwa aliyeitwa François Arago aliwatangazia wenziwe wa Chuo cha Sayansi cha Paris habari za uvumbuzi huo. Mwezi Machi mwaka ule ule nyumba ya Diorama ikateketea kwa moto. Serikali ya Ufaransa ikaununua ufundi huo kwa kuwapa malipo ya kila mwaka: faranga 6,000 kwa Daguerre, na faranga 4,000 kwa Isidore, mwana wa marehemu Niépce. Tarehe 19 Agosti 1839 siri yote ikatolewa hadharani, iwe zawadi kwa walimwengu. Ila Uingereza peke yake haikuingia katika zawadi hiyo, maana siku chache kabla yake Daguerre alikuwa amekwisha jipatia hati ya haki huko, na mafundi wa Kiingereza ikawapasa kulipa.

Vibao vile vikaitwa kwa jina la Daguerre peke yake. Mnara mkubwa wa chuma wa Paris, Mnara wa Eiffel, uliokamilika mwaka 1889, umeandikwa majina 72 ya wataalamu wa Ufaransa. Jina la Daguerre limo. Jina la Niépce halimo. Hatusemi kwamba Daguerre alikuwa mwizi, maana kazi yake ilikuwa kubwa na ya kweli. Twasema tu kwamba watu wawili walilima shamba moja, na watu wengi wakalikumbuka jina la mmoja.

Na tutazame sasa picha moja ya Daguerre iliyo mashuhuri kuliko zote. Mwaka 1838 alielekeza sanduku lake kutoka dirisha la juu kwenye barabara moja ya Paris iitwayo Boulevard du Temple. Barabara hiyo ilikuwa na watu wengi, farasi na magari. Lakini katika picha barabara ni tupu, kama mji uliohamwa. Sababu yake ni kwamba mwanga ulihitaji dakika kadha ili kuandika, na kila kitu kilichokwenda hakikuacha alama. Mtu mmoja tu alisimama mahali pamoja kwa muda wa kutosha, mguu wake ameuinua, akisafishwa viatu. Huyo, pamoja na kivuli cha msafisha viatu aliyeinama mbele yake, wanahesabiwa kuwa watu wa kwanza kuonekana katika picha.

Walikuwa nani? Hakuna ajuaye. Yule bwana mwenye viatu alikwenda zake. Yule msafisha viatu alipokea senti zake akangoja mteja mwingine. Hawakujua kwamba wametazamwa. Basi watu wa kwanza kupigwa picha duniani hawana majina. Jua liliwaandika nyuso na viungo, lakini jua haliandiki jina.

Daguerre alikufa tarehe 10 Julai 1851 katika kijiji cha Bry-sur-Marne. Wakati ule ufundi wake ulikuwa umekwisha enea Ulaya na Marekani. Waliokuwa wakichora nyuso za watu kwa rangi, katika vipande vidogo vya kuvaliwa shingoni, wengi walikosa kazi, na wengine wakanunua kamera wakaingia katika kazi hiyo mpya. Mwingereza mmoja, William Henry Fox Talbot, alikuwa amevumbua njia nyingine ya karatasi, ambayo picha moja ya asili yaweza kutoa nakala nyingi. Mwaka 1851 Frederick Scott Archer akatangaza njia ya kioo kilichopakwa dawa, na njia hiyo ndiyo iliyovishinda vibao vya Daguerre. Hata hivyo desturi alizoanzisha Daguerre hazikufa pamoja na vibao vyake, na mbili kati yake zilifika mpaka kwetu.

Desturi ya kwanza ni ile ya kukaa kimya kama jiwe. Mmepata kujiuliza kwa nini babu zetu hawacheki katika picha? Watoto hudhani kwamba wazee wa zamani walikuwa wakali. Sivyo. Katika siku za mwanzo, aliyepigwa picha alipaswa kukaa bila kutikisika kwa muda mrefu, pengine na chuma kikimshika kisogo kwa nyuma, asije akatikisa kichwa uso wake ukawa ukungu. Nani awezaye kushika kicheko kwa dakika nzima? Baadaye dawa na vioo vilipokuwa bora, muda ule ulipungua ukawa kufumba na kufumbua, lakini adabu ya kusimama wima na kukaza uso ilibaki.

Desturi ya pili ni lile pazia lililochorwa. Daguerre alianza maisha yake akichora mapazia ya kuwadanganya watu macho kwa furaha yao. Mafundi wa picha waliomfuata walitundika mapazia ya namna hiyo nyuma ya wateja wao, ili mtu wa kichochoroni aonekane amesimama katika bustani ya kasri. Nasi tulipofikiri zile nguzo na vyungu vya maua nyuma ya wavuvi watatu wa Msasani, tukatambua ya kuwa wale wazee, bila kujua, walisimama mbele ya mjukuu wa pazia la Diorama.

Sasa tuje pwani yetu. Ufundi wa Daguerre ulifika hapa mapema kuliko watu wengi wanavyodhani. Mwaka 1846 nahodha wa jeshi la maji la Ufaransa, aliyeitwa Charles Guillain, alitumwa na merikebu iitwayo Ducouëdic kuchunguza pwani ya Afrika ya Mashariki na biashara yake. Kwa muda wa miaka miwili, mpaka mwaka 1848, alizunguka katika bahari hizi. Alifika Unguja katika enzi ya Sayyid Said bin Sultan, akafika Mombasa, na miji ya Banadiri kama Barawa, Marka na Mogadishu. Katika merikebu yake mlikuwamo chombo cha Daguerre, miaka saba tu tangu siri ile kutangazwa Paris. Hebu fikirini kazi hiyo katika joto na chumvi ya bahari: kusugua fedha, kuchemsha zebaki, na kumwomba mtu asimame juani asipepese.

Guillain aliporudi kwao alitoa kitabu kikubwa juu ya historia, nchi na biashara ya Afrika ya Mashariki, kilichochapwa Paris tangu mwaka 1856, pamoja na kitabu cha picha. Wakati ule picha za vibao hazikuweza kuchapwa moja kwa moja, kwa hiyo wachoraji walizinakili kwa mkono juu ya mawe ya kuchapia. Baadhi ya vibao vyenyewe vimehifadhiwa Ufaransa mpaka leo. Humo mna nyuso za watu wa pwani hii walioishi kabla ya babu za babu zetu. Lakini katika picha nyingi, jina lililoandikwa chini si la mtu, bali ni la kabila lake au hali yake. Mwanamke aliyesuka nywele zake asubuhi ile, mwenye mama na watoto na jirani waliomwita kwa jina, amebaki "mwanamke wa nchi fulani" tu.

Mwaka 1860 Mwingereza James Augustus Grant, alipokuwa Unguja akijitayarisha kwa safari ya bara pamoja na Speke, alipiga picha za mji, na miongoni mwazo picha za soko la watumwa. Katika kioo chake walionekana watu waliokuwa wameng'olewa kwao, na ambao majina yao yalikuwa ndiyo mali ya mwisho waliyobakiwa nayo. Kioo kilichukua nyuso, majina kikayaacha.

Baada ya hao walikuja mafundi wa kudumu. Katika miaka ya 1860 Mgoa aitwaye A. C. Gomes alianza kazi ya picha Unguja, na duka lake likawa mashuhuri. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Unguja studio yake iliyoitwa Capital Art Studio, akapiga picha za masultani na za raia, za harusi na za barabarani. Lamu alikuwako Omar Said Bakor, mtu wa Lamu mwenyewe, hodari wa kuunganisha picha mbili zikawa moja, hata uso wa mtu ukachanua kutoka katika ua. Kwetu Dar es Salaam, wakati wa Wadachi, alikuwako Walther Dobbertin. Katika vita vya mwaka 1914 mpaka 1918 alipiga picha za askari walipokuwa njiani. Kila mtu wa Dar es Salaam alijua jina la Kariakoo, lililotokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika vita hivyo. Lakini mtafute mpagazi mmoja katika picha za vita hivyo, mkaulize jina lake. Mara chache mtalipata.

Wasikilizaji wetu, hatutaki mdhani kwamba twawalaumu mafundi hawa. Tusingalikuwa na kazi yao, tungalikuwa maskini wa kumbukumbu. Tena wako wazee wetu ambao kwa sababu ya dini au haya hawakukubali kupigwa picha, na shauri lao ni la kuheshimiwa. Lakini wale waliokubali walitoa amana, na amana yataka kutunzwa. Fundi kazi yake ni uso. Jina ni kazi ya jamaa.

Wala sisi wenyewe hatuwezi kujisifu. Ukutani kwetu imo picha ya darasa tulilosoma nalo katika ujana wetu, vijana 24 wamesimama kwa safu tatu. Tuliporudi kutoka Msasani tuliishusha tukajaribu kuwataja wote. Tulifika 15, tukakwama. Miongoni mwa wale tisa alikuwamo kijana mmoja aliyetupa nusu ya mkate wake siku ya njaa. Uso wake tunao, tulikuwa tumekula naye, jina hatunalo. Tuliona haya mbele ya ukuta wetu wenyewe.

Na msidhani kwamba siku hizi neno hili limekwisha kwa kuwa kila kijana ana simu yenye kamera. Limezidi. Zamani jamaa ilikuwa na picha moja isiyo na jina. Leo kijana ana picha elfu zisizo na majina, ndani ya chombo kinachoweza kuanguka majini siku yoyote. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi fanyeni hivi. Itwaeni kila picha ya karatasi iliyo nyumbani, igeuzeni, na nyuma yake, karibu na ukingo, andikeni kwa kalamu ya risasi iliyo laini, bila kukandamiza. Wino huweza kupenya mpaka mbele. Andikeni jina la mtu na jina la baba yake, mahali, na mwaka kama wajulikana. Watu wakiwa wengi, waandikeni kwa utaratibu kutoka kulia kwenda kushoto, na mseme kwamba mmeanzia kulia. Waulizeni wazee wawili kila mmoja peke yake, maana wakiwa pamoja mmoja humfuata mwenziwe. Msibandike picha kwa gundi, wala msiitundike ukuta unaopigwa na jua au na chumvi ya bahari. Itieni katika bahasha ya karatasi, mahali pakavu. Na picha za simu, zile mnazozithamini kweli, zichapisheni na kuziandika vivyo hivyo.

Ninyi walimu mwaweza kuifanya kazi hii kuwa somo. Kila mtoto na alete habari za picha moja ya kwao: nani, wapi, lini, na nani aliyebaki anayemkumbuka. Mtashangaa jinsi wazee watakavyofungua vinywa vyao. Nasi tuliwapa wanafunzi wetu kazi hiyo hiyo, na mmoja wao alirudi akiwa amepata habari za shangazi yake ambazo hata baba yake hakuzijua.

Tulirudi Msasani baada ya majuma mawili. Yule bibi alikuwa amempelekea salamu mzee mmoja wa Kunduchi, aliyepata kuvua pamoja na marehemu mumewe. Mzee akaja na fimbo yake, akaishika picha karibu na macho, akatazama sana. Kisha akasema, "Huyu si babu wa mtu hapa. Huyu alikuwa nahodha wao. Alikuja na msimu akakaa, akafunza watu kamba na tanga. Jina lake la baba sikulijua. Sisi watoto tulimwita Nahodha."

Wajukuu wakatazamana. Habari za shamba zilibaki kwa wazee kuamua kwa ushahidi mwingine, lakini picha ile haikuwa tena ya kugombewa. Mwanafunzi wetu mmoja akatoa kalamu ya risasi. Akaandika jina la mtu wa kulia na la baba yake, na jina la mtu wa kushoto, na neno "alifia baharini." Alipofika kwa mtu wa katikati akainua macho, akauliza, "Nimwandikeje, bibi?"

Bibi akafikiri, akasema, "Andika, nahodha wao. Jina lake Mungu alijua."

Basi akaandika hivyo. Nasi twawaaga hapo, wasikilizaji wetu, tukiwaomba kwamba jioni hii, kabla taa hazijazimwa, kila jamaa igeuze picha moja. Kwa herini.